Bahari iliyolala chini ya Kolwezi



Kabla ya Pasaka iliyopita, baada ya mkutano wetu wa Jumapili, kijana mmoja wa kikundi alibaki nyuma akinisaidia kurudisha mabenchi. Alikuwa amekwisha kuamua kusafiri: kushuka hadi Kasaji, kupita Mutshatsha, kufika Kolwezi na kutafuta kazi katika machimbo pamoja na binamu yake. Akaniuliza: «Mwalimu, kwa nini Mungu aliweka shaba yote Kolwezi, na sisi watu wa Sandoa akatuachia mchanga?» Wenzake waliokuwa mlangoni wakacheka. Yeye hakucheka. Mmoja wao akajibu badala yangu kwamba amemsikia mhubiri akieleza jambo hilo: gharika ya Nuhu ndiyo iliyoyakokota madini na kuyalundika mahali pamoja, na mahali pengine pakaachwa patupu kwa sababu ya dhambi za mababu.

Siku ile nilijibu kwa uvivu. Nilisema kwamba mipango ya Mungu ni mingi, nikafunga mlango wa ukumbi. Njiani kuelekea nyumbani nilijiona mwalimu mbaya, kwa kuwa swali lile lina jibu, na jibu lenyewe ni habari ya kale kuliko habari zote tunazofundishana hapa. Limeandikwa ndani ya mawe. Naliandika sasa kwa urefu, ili wote waliokuwapo walisome.

Nianze mbali kidogo, nchini Italia. Mwezi wa Oktoba 1666 wavuvi karibu na mji wa Livorno walimkamata papa mkubwa. Kichwa chake kilipelekwa Firenze kwa daktari mmoja kijana aliyetoka Denmark, jina lake Niels Stensen, ambaye vitabu vingi humwita Nicolaus Steno. Alipoyachunguza meno ya papa yule aliona kwamba yanafanana kabisa na vijiwe vya pembe tatu ambavyo watu walikuwa wakiviokota katika miamba ya milimani na kuviita ndimi za mawe. Wengine walidhani vimeanguka kutoka mbinguni, wengine kwamba vinaota ndani ya jiwe. Stensen akasema: haya ni meno. Na ikiwa meno ya samaki wa bahari yamo ndani ya mwamba ulio mlimani, basi mwamba ule zamani ulikuwa matope laini chini ya bahari.

Mwaka 1669 alichapisha kitabu kidogo chenye kanuni ambazo wanafunzi wa elimu ya miamba wanaanza nazo hata leo. Mashapo, yaani mchanga, matope na chokaa vinavyotua chini ya maji, hujitandaza yakiwa yamelala. Tabaka lililo chini lilitua kwanza, lililo juu likafuata. Na ukikuta matabaka yamesimama wima au yamekunjwa, ujue kuna nguvu iliyoyainua baada ya kuwa yamekwisha tandazwa. Ni maneno mepesi hata mtoto ayaelewe, lakini kabla yake hakuna aliyeyaandika waziwazi hivyo. Stensen mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kilutheri, akajiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa padri mwaka 1675 na askofu mwaka 1677. Alifariki mwaka 1686, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 23 Oktoba 1988. Anayewaambia kwamba mtu wa sala hawezi kuyasoma mawe, mwambieni habari za askofu huyu.

Sasa tuzipeleke kanuni zake Katanga.

Ukichora ramani ya miamba yenye shaba, utaona upinde mkubwa. Unatoka katika mji ya machimbo ya Zambia, unaingia kwetu upande wa Lubumbashi, unapita Likasi na Fungurume, unafika Kolwezi, kisha unaelekea magharibi mpaka Angola. Wataalamu wanauita Upinde wa Lufilia, kwa jina la mto Lufira. Miamba yake yote ni mashapo yaliyogeuka mawe, na wameigawa katika makundi matatu. La chini, yaani la kale zaidi, ni Roan, jina lililotoka kwenye mgodi wa Roan Antelope kule Luanshya. La kati ni Nguba. La juu ni Kundelungu. Kwa pamoja yana unene wa kilomita kadhaa.

Tuanze chini. Upande wa Zambia tabaka la kwanza la Roan limelala juu ya matale ya Nchanga, na ndani yake mna vipande vilivyovunjika kutoka katika matale yale yale. Kwa hiyo matale ni makongwe kuliko mashapo. Umri wake umepimwa: miaka milioni 880 hivi. Upimaji huu hutumia fuwele ndogo sana ziitwazo zirkoni, ambazo zinapozaliwa hufungia ndani yake urani kidogo. Urani hugeuka polepole kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, na anayehesabu kiasi cha urani kilichobaki na kiasi cha risasi kilichopatikana huipata miaka, kama vile mama anavyojua muda uliopita kwa kutazama mshumaa uliobaki.

Miamba ya mwanzo ya Roan ni changarawe na mchanga mwekundu. Changarawe za mviringo huletwa na mito yenye nguvu. Wekundu hutokana na chuma kilichopata hewa. Hapo hapakuwa bado na bahari. Palikuwa na bonde lililokuwa likipasuka na kuzama, kama lile Bonde la Ufa ambamo leo mna ziwa Tanganyika. Bara lilikuwa linaanza kuchanika.

Juu yake, huko Kolwezi, ndiyo ile ambayo wachimbaji wanaijua kwa herufi. Mtu yeyote aliyefanya kazi Gécamines, au ambaye baba yake alifanya kazi Union Minière kabla ya mwaka 1967, atawatajia: R.A.T., D.Strat., R.S.F., R.S.C., S.D. Ni vifupisho vya Kifaransa, nami nimewasikia wazee wasiojua kusoma wakivitamka kama majina ya ndugu zao. R.A.T. ni mwamba wa udongo na talki. D.Strat. ni dolomiti, jamaa ya jiwe la chokaa, iliyopangika kama kurasa za kitabu. R.S.F. ni mwamba mgumu wenye majani membamba. R.S.C. una matundu matundu kama mkate uliochacha. S.D. ni matope ya dolomiti yaliyoganda. Shaba nyingi na kobalti vimo katika matabaka yaliyo chini na yaliyo juu ya R.S.C., na R.S.C. yenyewe mara nyingi haina kitu isipokuwa pembezoni.

Herufi hizi zinasimulia pwani. Ndani ya dolomiti hizo wataalamu wameona alama za fuwele za jasi. Fuwele zenyewe ziliyeyuka zamani, lakini umbo lao limebaki, likajazwa madini mengine, kama unyayo uliojaa maji. Jasi hujitenga pale tu ambapo maji ya bahari yanakauka juani. Kwa hiyo maji yalikuwa ya kina kifupi, ya chumvi kali, katika nchi ya joto. Na R.S.C., ile yenye matundu, ilijengwa na viumbe: utando wa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa jicho, ambavyo viliishi katika mwanga wa jua, vikanasa chokaa tabaka juu ya tabaka. Hapakuwa na samaki bado, wala konokono, wala jani. Mikeka hii ya vijidudu ndiyo yote iliyokuwa hai katika pwani yetu, na ilitosha kujenga mwamba wenye unene wa nyumba kadhaa.

Kisha maji yakaongezeka kina. Matope meusi yenye kaboni yanatokea juu ya dolomiti, na matope meusi hutua mahali palipotulia, pasipo na hewa. Bonde limekuwa bahari.

Sehemu inayofuata hunistaajabisha kuliko zote. Kundi la Nguba linaanza na mwamba ambao wanajiolojia wa Kibelgiji waliuita Grand Conglomérat. Ni matope yaliyoganda yakiwa na mawe ya kila aina na kila ukubwa ndani yake, kokoto kando ya jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, bila mpango wowote. Maji hayawezi kufanya hivyo, kwa kuwa maji huchambua: mazito hutua kwanza, mepesi husafiri mbali. Kinachobeba vyote pamoja na kuvimwaga pamoja ni barafu. Na baadhi ya mawe hayo yana mikwaruzo, kwa sababu yaliburutwa juu ya mwamba yakiwa yameshikwa chini ya barafu nzito. Barafu, hapa Katanga! Wakati ule barafu ilifunika sehemu kubwa ya dunia, hata nchi za joto, kati ya miaka milioni 720 na 660 iliyopita. Ikayeyuka, bahari ikatulia, likajengeka jiwe la chokaa la Kakontwe ambalo hadi leo linachimbwa karibu na Likasi. Kisha barafu ikarudi mara ya pili na kuacha Petit Conglomérat, miaka milioni 635 hivi iliyopita. Juu yake mara moja kuna tabaka la chokaa la rangi ya waridi, dalili ya bahari iliyopata joto ghafula.

Grand Conglomérat si habari ya makumbusho tu. Kilomita 25 hivi magharibi ya Kolwezi, kule Kamoa na Kakula, shaba imo katika sehemu ya chini kabisa ya mwamba huo. Kwa miaka karibu mia moja wachimbaji walitafuta shaba katika Roan, wakaupita mwamba wa barafu bila kuutazama. Amana ya Kamoa ilitambuliwa mwaka 2008, ya Kakula miaka michache baadaye, na mgodi ulianza kutoa shaba mwezi wa Mei 2021. Sasa unatajwa miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba duniani.

Hapa ndipo nimjibu yule aliyeleta habari ya gharika. Simkatazi kuisoma Biblia. Natamani aisome zaidi. Lakini ayatazame mawe pia. Gharika moja ya mwaka mmoja haiwezi kukausha bahari mpaka jasi ijitenge, na wakati huohuo kuwapa vijidudu maji matulivu na jua la kujengea mwamba mnene, kisha ilete barafu, iiyeyushe, ijenge chokaa, na kuileta barafu tena. Kila jambo lataka muda wake, na mengine yanapingana. Mwaka 1893 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Providentissimus Deus, alifundisha kwa kumfuata Mtakatifu Augustino kwamba waandishi wa Maandiko hawakukusudia kutufundisha jinsi vitu vya asili vilivyo ndani yake, mambo yasiyohusu wokovu. Na kusema kwamba mahali pasipo na madini pana laana ya mababu ni kuwatukana mababu wa watu kwa jambo wasilolijua. Maneno ya namna hiyo yakipita katika kikundi, msiyaache yapite.

Mwaka huohuo 1893 alirudi Ulaya kutoka Katanga mtu aliyekuwa wa kwanza kuyaandika matabaka haya kwa utaratibu. Aliitwa Jules Cornet, Mbelgiji, mwenye umri wa miaka 28 tu. Alikuja na msafara wa Kapteni Lucien Bia, ambao ulifika Bunkeya mwanzoni mwa mwaka 1892, wiki chache baada ya mfalme M'Siri kuuawa kwa risasi na afisa wa msafara mwingine. Bia alifariki njiani mwaka huo huo, na Émile Francqui akashika uongozi. Cornet alitembea akiwa na njaa na homa, akapanda vilima vya shaba, ambavyo vinatambulika kwa mbali kwa sababu miti haioti juu yake, isipokuwa majani na maua yanayovumilia udongo wenye shaba. Aliandika ramani na maelezo ambayo yaliwavuta wenye mitaji, na mwaka 1906 Union Minière ikaundwa.

Vitabu vingi vinasema Cornet aligundua shaba ya Katanga. Naomba mrekebishe sentensi hiyo kila mnapokutana nayo. Watu walimwongoza mpaka kwenye mashimo yaliyochimbwa na wazee wao. Karne nyingi kabla yake, huko Sanga kando ya ziwa Kisale, wafu walizikwa na mapambo ya shaba na baadaye na misalaba midogo ya shaba iliyokuwa fedha ya nchi. Na Pedro João Baptista, mfanyabiashara Mwafrika aliyetumwa na Wareno kuvuka bara mwanzoni mwa karne ya 19, alipita katika nchi ya Mwaat Yav, yaani kwetu, kisha akaandika kuhusu mawe ya kijani na shaba iliyoyeyushwa na wenyeji wa Katanga. Kile ambacho Cornet alileta ni kanuni ya Stensen: aliuliza tabaka lipi lililala juu ya lipi. Hiyo ni heshima ya kumtosha.

Wale waliomfuata walikutana na fumbo. Kule Kolwezi kanuni ilionekana kuvunjika. Roan, iliyo ya kale, ilionekana imekaa juu ya Kundelungu, iliyo changa. Na haikukaa kama kitu kizima. Ilikuwa vipande vipande, vingine vya mita mia kadhaa, vingine vya kilomita, vimesimama, vimelala kifudifudi, vimepinduliwa, vikielea katika mwamba uliosagika. Armand François, mjiolojia aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora machimbo haya, aliandika juu yao katika miaka ya 1970. Wachimbaji waliviita vipande hivyo magamba, na neno hilo linafaa sana, kwa kuwa vinalaliana kama magamba ya samaki.

Kanuni ya Stensen haikuvunjika. Kumbukeni ile ya tatu: yakisimama, yaliinuliwa baadaye. Fanyeni jaribio ambalo nilikuwa nikiwafanyia wanafunzi wa ualimu. Tandaza kitenge juu ya meza. Weka kiganja upande mmoja na ubao wa kufundishia upande wa pili, kisha usukume ubao polepole kuelekea kiganja. Kitenge kinainuka, kinakunjana, kinajilalia chenyewe. Upande uliokuwa chini unakuja juu. Karibu na ubao mikunjo ni mikali. Karibu na kiganja kitenge kimebaki kimetulia.

Hivyo ndivyo Katanga ilivyo. Kusini, kuelekea Zambia, miamba imekunjwa, imepikwa na kusukumwa. Kwenye upinde wa Kolwezi na Likasi mikunjo imelala kuelekea kaskazini. Ukienda kaskazini zaidi, juu ya uwanda wa Kundelungu, matabaka yamelala karibu tambarare kama siku yalipotandazwa, na mto Lofoi unaanguka kutoka ukingo wake zaidi ya mita 300. Msukumo ulitoka kusini, na kitu kigumu kilisimama kaskazini.

Ubao ulikuwa bara, na kiganja kilikuwa bara. La kusini linaitwa Kalahari. Mawe yake makongwe yanaonekana Zimbabwe na Afrika ya Kusini. La kaskazini linaitwa Kongo. Bahari iliyozaliwa kwa kupasuka kwa nchi ilianza kufungwa, mabara yakakaribiana, na mashapo yaliyokuwa sakafuni na pwani yakabanwa katikati. Kwamba bahari hufunguka na kufungwa si jambo lililokubaliwa mara moja. Alfred Wegener alipoeleza mwaka 1912 kwamba mabara husafiri, wengi walimcheka. Alexander du Toit wa Afrika ya Kusini alimtetea mwaka 1937 kwa kulinganisha miamba ya Afrika na ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1966 John Tuzo Wilson wa Kanada aliuliza kama Atlantiki haikuwahi kufungwa na kufunguka tena, na tangu hapo wanajiolojia wakaanza kutafuta duniani kote makovu ya bahari zilizokufa.

Kovu letu limo Zambia. Mikunjo peke yake haithibitishi bahari pana. Hata bonde la ufa likibanwa hukunjana. Kwa muda mrefu wengi walidhani hapakuwa na zaidi ya hilo. Lakini katikati ya Zambia kuna mwamba mzito wenye chembe nyekundu na za kijani, uitwao eklojiti. Hutengenezwa pale tu lava ya zamani inaposhushwa chini sana ndani ya dunia, makumi ya kilomita, na kubanwa vikali. Mwaka 2003 Timm John na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya eklojiti hizo zina kemia ya sakafu ya bahari kuu, lava ile inayotoka katikati ya bahari mahali sakafu inapopasuka. Mmoja wa miamba hiyo ulipata umri wa miaka milioni 595 hivi. Basi sakafu ya bahari ilikuwapo, nayo ilizama chini ya bara mpaka ikamezwa. Upana wa bahari hiyo bado unabishaniwa, na ubishi huo ni mzuri, kwa maana kila upande unalazimika kurudi kwenye mawe.

Mabara yalipogusana milima iliinuka. Miamba iliyopikwa zaidi kule Zambia inatoa umri wa miaka milioni 530 hivi kwa joto kali la mwisho. Na mvua haikungoja milima imalizike. Ilianza kuimomonyoa papo hapo. Mchanga wake mwekundu ulimwagwa kaskazini, nao ndio uwanda wa Biano, ambao wasafiri wa reli kati ya Kamina na Tenke wanaufahamu kwa baridi yake na kwa ng'ombe wake. Ndani ya mchanga huo kuna vipande vidogo vya ulanga vyenye umri wa miaka milioni 573 hivi. Mchanga hauwezi kuwa mkongwe kuliko chembe zilizo ndani yake, kwa hiyo Biano ilitandazwa baada ya hapo. Mlima wote umebaki huko, chembe chembe.

Na yale magamba ya Kolwezi? Hapa chumvi inarudi. Tabaka la chumvi na jasi lililokuwa chini ya dolomiti ni laini; likibanwa linateleza kama sabuni. Bara liliposukuma, miamba ya Roan iliteleza juu yake, ikakatika, ikapanda juu ya miamba michanga. Kisha maji yakaiyeyusha chumvi, na kilichobaki ni ule mwamba uliosagika. Wako wanaosema kwamba chumvi ilianza kupanda yenyewe na kuipasua Roan kabla ya mgongano. Huenda yote mawili yalitokea kwa zamu.

Basi turudi kwenye swali. Shaba haikuwekwa Kolwezi siku moja. Maji ya chumvi yaliyofungwa ndani ya mashapo, yakiwa ya moto, yalipita katika mchanga mwekundu, yakaikusanya shaba kidogo kidogo kutoka kwenye chembe zake. Yalipokutana na matope yenye kaboni na salfa, shaba ikashindwa kubaki ndani ya maji, ikatua. Je, ilikuwa kabla ya mgongano au wakati wake? Hapo pia wanabishana. Baada ya milima kumomonyoka, mvua ikafika kwenye madini hayo na kuyageuza kuwa malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wazee waliliona juu ya vilima. Ilihitajika pwani, chumvi, matope meusi, mgongano na mvua, kwa zamu hiyo.

Sandoa ilikuwa wapi? Sisi tuko upande wa kiganja. Miamba mikongwe ya eneo letu lote, kutoka hapa mpaka Kasai, ni ya lile bara la Kongo lililosimama. Katika Kasai baadhi yake ina zaidi ya miaka milioni 2500, ilipotandazwa R.S.C. ya kwanza kule Kolwezi, mawe haya yalikuwa yamekwisha kuwa ya kale sana. Mchanga tunaoulalamikia, ambao gari hukwama ndani yake kila mwaka, ni mchanga wa Kalahari, uliofunika nyanda hizi baadaye kabisa. Bahari ile haikufika hapa tulipo, kwa hiyo haikutuachia kitu. Hakuna aliyetunyima.

Nilimweleza kijana wetu haya yote jioni moja kabla hajaondoka, nikaongeza jambo ambalo halimo vitabuni kwa namna nitakayolisema. Mwamba uliokunjwa na kusagika haujishiki wenyewe. Matabaka yaliyosimama, yenye majani membamba, yaliyoozeshwa na maji ya mvua, huteleza moja juu ya jingine kama karatasi. Shimo lililochimbwa kuyafuata halina nguzo. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, kingo za mgodi ziliporomoka juu ya wale tunaowaita creuseurs, na watu zaidi ya 40 wakafa. Wengi walikuwa na umri wenu. Nilimwambia: ukiona ukuta una mwamba wa udongo unaong'aa kama sabuni na maji yanachuruzika kati ya matabaka, toka, hata kama binamu yako yumo ndani anaimba. Usiingie wakati wa mvua. Usichimbe chini ya ukingo uliochimbwa na mashine. Sikumwambia asiende, kwa kuwa sina kazi ya kumpa hapa, naye alilijua hilo kabla yangu.

Aliondoka wiki iliyofuata Pasaka. Mwezi uliopita dereva wa lori alinikabidhi kifurushi chake: kipande cha R.S.C., kizito, chenye matundu, na kikaratasi kinachouliza kama mistari iliyopindapinda upande mmoja ndiyo ile mikeka ya vijidudu niliyomsimulia. Ndiyo yenyewe. Kipande kipo juu ya kabati la vitabu katika ukumbi wa parokia. Mkitazame mchana, karibu na dirisha, kwa kuwa mistari ni myembamba.